Historia ya Kwaya Zetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila kwaya inapokaribia jubilei na mtu mmoja akakabidhiwa kazi ya kuandika "historia fupi" ya kusomwa mbele ya wageni. Sehemu tatu za kwanza zinaeleza kwaya za Tanzania na Kenya zilitoka wapi. Sehemu ya nne ni ya yule aliyekabidhiwa kazi. Kama jubilei ni wiki ijayo, anza na hiyo.

## 1. Mwanzo

Kwaya zilianza lini huku kwetu?

Ukimaanisha kundi lililogawanywa sauti nne, lenye mwalimu mbele na siku maalumu za mazoezi, basi chanzo ni vituo vya misheni vya nusu ya pili ya karne ya 19. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kituo cha Rabai kikafuata. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Miaka ya 1870 Waanglikana wakaanzisha Freretown, ng'ambo tu ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Bara ilifuata baadaye: Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, wakaanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893.

Lakini wamisionari hawakufika wakiwa na kwaya mfukoni. Walifika na shule, na kuimba lilikuwa somo kama kusoma na kuhesabu. Mtu yule yule aliyefundisha darasani ndiye aliyehubiri Jumapili na kugawa sauti jioni. Chimba historia ya kwaya kongwe yoyote, iwe ya Moshi, Tukuyu au Maseno, na chini kabisa utamkuta mwalimu wa shule ya msingi, mara nyingi mzaliwa wa pale pale. Katika ripoti za misheni jina lake linaweza lisionekane kabisa. Kwa wanakijiji ndilo jina la kwanza wanalolitaja.

Kabla ya hapo watu hawakuwa wakiimba kwa sauti nyingi?

Waliimba, na hili nalisisitiza kwa sababu hotuba nyingi za jubilei huanza kana kwamba kabla ya misheni palikuwa na ukimya. Wagogo wa Dodoma wana uimbaji wa sauti kadhaa zinazokwenda pamoja, wenye mpangilio wake, ambao hakuna Mzungu aliyewafundisha. Kiongozi kuanzisha na kundi kuitikia ni jambo la kawaida kutoka pwani hadi ziwani, shambani, msibani na harusini.

Kilichokuja na misheni ni aina moja ya sauti nyingi: soprano, alto, tena na besi, zikisogea kwa pamoja neno kwa neno, juu ya wimbo uliotungwa Ulaya. Aina hiyo ilipandikizwa juu ya masikio ambayo tayari yalikuwa yanajua kuitikia. Ndiyo maana hata wimbo wa Kijerumani ukiimbwa na kwaya ya kijijini huanza kubadilika taratibu: mtu wa besi anaongeza kipande chake penye nafasi, mstari wa mwisho unarudiwa, mwendo unapata mtikisiko. Mgeni mwenye kitabu mkononi atasema mmekosea. Mimi nasema wimbo umefika.

Solfa ilitoka wapi, na kwa nini wazee wanaijua kuliko noti za mistari?

Ilitoka Uingereza. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, alibuni njia ya kufundisha watoto kuimba kwa silabi. Miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaichukua, akaitengeneza upya na kuisambaza. Katika njia hiyo "si" ilibadilishwa kuwa "ti" ili kila sauti iwe na herufi yake ya kwanza isiyofanana na nyingine: d, r, m, f, s, l, t.

Njia hiyo ilisambaa misheni kwa sababu za kawaida kabisa. Haihitaji karatasi yenye mistari mitano. Inaandikwa ubaoni kwa chaki au inapigwa chapa kwa mashine ile ile ya barua za ofisi, na nakala zinagawiwa. Nukta mbili na vistari vinaonyesha mapigo. Haihitaji hata kinanda, maana "do" inahama: mwalimu anatafuta sauti ya kuanzia kwa koo lake au kwa uma wa sauti, na wote wanamfuata. Kwaya isiyo na shilingi ya kununua chombo iliweza kujifunza wimbo wa kurasa kumi.

Ina udhaifu wake. Wimbo unaobadili ufunguo mara nyingi huisumbua, na mpiga kinanda aliyezoea noti hawezi kuipiga moja kwa moja. Lakini usidharau daftari la solfa la mzee. Kwa kwaya nyingi hilo ndilo maandishi pekee ya nyimbo zao wenyewe (tazama pia swali la pa kuanzia katika sehemu ya 4).

Kwa nini baadhi ya nyimbo za vitabuni zinakaa vibaya mdomoni?

Kwa sababu maneno yalishonwa juu ya tuni ambayo haikukatwa kwa ajili yake. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: Bwá-na, wo-kó-vu, fu-rá-ha. Tuni nyingi za Kijerumani na Kiingereza humaliza mstari kwa pigo zito juu ya silabi ya mwisho kabisa. Matokeo yake tunaimba "Bwa-NAA", jambo ambalo hakuna mtu angelisema sokoni. Katika lugha zenye toni tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu tuni ikipanda mahali ambapo neno linashuka, maana yenyewe inaweza kupotea.

Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa hiyo malalamiko haya si ya vijana wa leo wasiopenda nyimbo za zamani, kama wazee wengine wanavyodhani.

## 2. Mabadiliko

Ngoma ziliingia lini kanisani?

Hakuna siku moja. Katika maeneo mengi wamisionari wa mwanzo walizikataza, kwa kuwa waliziona sehemu ya jando, matambiko na pombe. Wapo waliofikiri vingine, hasa baadhi ya Wamoravian wa kusini-magharibi mwa Tanganyika walioruhusu tuni za kienyeji mapema, lakini hao walikuwa wachache.

Kwa Wakatoliki mlango ulifunguliwa rasmi na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963 ilisema wazi kwamba katika nchi za misheni muziki wa watu wenyewe upewe heshima na nafasi inayoustahili katika ibada. Mlango ulikuwa umeshaanza kusukumwa kutoka ndani: huko Kongo, mwaka 1958, padre Mbelgiji Guido Haazen na kundi lake la vijana wa Kamina walikuwa tayari wameimba misa nzima ya Kilatini kwa mahadhi ya Kikongo, ile inayojulikana kama Missa Luba. Miongo mitatu baadaye kwaya ya Kenya, Muungano, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya.

Kwa Walutheri wa Tanzania jina la kukumbuka ni Makumira, wakati huo chuo cha theolojia karibu na Arusha. Miaka ya 1960 mwalimu Howard Olson, Mmarekani, aliwahimiza wanafunzi wake walete tuni za kwao na kuzitungia maneno ya Kiswahili. Mkusanyiko ulichapishwa mwaka 1968. Humo ndimo ulimotoka wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya", maneno ya Bernard Kyamanywa juu ya tuni ya Kihaya, ambao leo unaimbwa na makanisa ya Ulaya na Marekani kwa lugha zao. Ni jambo la kufurahisha kwamba kuna sharika za vijijini kwetu zinazodhani wimbo huo ulitoka ng'ambo.

Ukiandika historia ya kwaya yenu, uliza ngoma ya kwanza ilipigwa ibada gani na nani aliinuka akatoka nje. Karibu kila usharika una kisa hicho.

Na mapambio?

Hayo ni mkondo mwingine. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika kuanzia miaka ya 1930, uliimbwa kwa nyimbo fupi zisizohitaji kitabu wala mwalimu wa kwaya. Kwa muda mrefu kwaya na mapambio vilitazamana kwa shaka. Leo kwaya ile ile inaimba vyote viwili, kwanza wimbo wa noti, kisha pambio la kutokea.

Mashindano ya kwaya yalianzaje, na yana faida gani?

Kenya ina tamasha la muziki lililoanza mwaka 1927, na kwa vizazi vingi shule zimekuwa zikipanda kutoka ngazi ya eneo hadi taifa. Upande wa Tanzania, makanisa yalijenga mashindano yake ya mtaa, jimbo na dayosisi. Mfumo unafahamika: wimbo wa lazima unaopangwa na waandaaji na kuimbwa na kila kwaya, halafu wimbo wa kuchagua, ambao mara nyingi mwalimu ametunga mwenyewe. Waamuzi hukaa mezani na karatasi za alama: tuni, matamshi, ulinganifu wa sauti, mavazi, kuingia na kutoka.

Watu husema mashindano ni tabia ya Kizungu. Sikubali. Wasukuma walikuwa na Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana baada ya mavuno kwa kuvuta watazamaji, na ushindani huo ulikuwa mkali hadi ukahusisha dawa. Pwani, ngoma ya beni ilikuwa na vyama vya Marini na Arinoti, vyenye vyeo, sare na michango, vikishindana kwa gwaride na maandamano. Kwaya inapopanda jukwaani na sare mpya iliyofichwa hadi siku yenyewe, tabia hiyo haikutoka Leipzig.

Faida yake kubwa ni wimbo wa lazima. Uliwalazimisha walimu wa vijijini kusoma solfa ngumu, na ulifanya kwaya zisizojuana ziwe na wimbo mmoja wa kuimba pamoja zikikutana. Hasara yake ni ugomvi wa matokeo. Nimeona mtaa ambao bado unalalamikia alama zilizotolewa kabla wanakwaya wa sasa hawajazaliwa.

Ni kweli wimbo wa taifa wa Tanzania ulikuwa wimbo wa kwaya?

Ni kweli. Tuni ya "Mungu Ibariki Afrika" ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Sontonga alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Wimbo ulibebwa na kwaya, ukaimbwa kwenye mikutano ya kisiasa, na mwaka 1961 Tanganyika ikauchukua kwa maneno ya Kiswahili. Angalia unavyoimbwa: sauti nne, zikisogea pamoja, kiitikio kinachorudiwa. Kila mwanafunzi wa Tanzania amewahi kuwa mwanakwaya kwa dakika chache asubuhi mstarini.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, akiwamo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ilijenga wimbo wa taifa juu ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto.

Kwaya za siasa na za majeshi nazo ni sehemu ya historia hii?

Bila shaka, na ni kosa kuziacha nje. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, viwanda, shule, vijiji vya ujamaa na kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) zilikuwa na kwaya zilizoimba kuhusu kilimo, kisomo cha watu wazima na ukombozi wa kusini mwa Afrika. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi na kuzirusha. Waimbaji wake walijifunza wapi kugawa sauti? Kanisani na shuleni. Mwalimu mmoja angeweza kuandaa wimbo wa Krismasi na wimbo wa Sabasaba ndani ya mwaka ule ule, kwa watu wale wale na wakati mwingine kwa tuni ile ile.

Aliyeupeleka mtindo huo mbali kuliko wote ni Kapteni John Komba. Mwalimu Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, nyimbo za maombolezo za Komba na kundi lake la TOT (Tanzania One Theatre) ndizo zilizojaa redioni. Watu wa umri wangu wakizisikia leo bado hunyamaza. Kenya nayo ilikuwa na kwaya kubwa za sikukuu za kitaifa enzi za Nyayo, yaani za Rais Moi, zilizounganisha walimu, wanafunzi na watumishi wa serikali. Maneno ya kumsifu rais yamechakaa. Upangaji wa sauti haujachakaa.

Kanda na redio binafsi vilibadilisha nini?

Karibu kila kitu. Kabla ya kanda, kwaya ilisikika umbali ambao miguu au basi lingeweza kuifikisha. Miaka ya 1980 na 1990 kanda ikabebwa na dereva wa lori, na baada ya Sheria ya Utangazaji ya 1993 kufungua milango ya redio na televisheni binafsi Tanzania, kwaya ya wilayani ikajulikana nchi nzima. Mfano ninaoupenda ni kwaya ya Barabara ya 13, Ulyankulu. Ulyankulu, mkoani Tabora, ni makazi yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa wakimbizi wa Burundi, yenye barabara zinazoitwa kwa namba. Kutoka barabara moja ya makazi ya wakimbizi zilitoka nyimbo zilizoimbwa kuanzia Kigoma hadi Nairobi.

Bei ya mafanikio hayo ilikuwa nyimbo kukatwa kulingana na urefu wa kanda, kinanda cha umeme kuchukua nafasi ya besi halisi, na mwimbaji mmoja kusogezwa mbele ya wenzake. Neno "mwimbaji binafsi" lilianza kuleta mtafaruku kwenye vikao vya kwaya wakati huo.

Je, kwaya ni ya Wakristo pekee?

Kwaya za shule, viwanda, chama na JKT ziliimbwa na Waislamu na Wakristo bega kwa bega. Ndani ya ibada, Waislamu wana kasida na maulidi, zenye walimu wake na mafunzo ya madrasa, na hakuna haja ya kuziita kwaya. Kwa upande wa vyama vya muziki vilivyodumu, Zanzibar inawatangulia wengi: Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu, kipo tangu 1905, kikongwe kuliko kwaya nyingi zinazojivunia ukongwe.

## 3. Maisha ya ndani ya kwaya

Kwa nini kwaya ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na katiba? Si kuimba tu?

Haijawahi kuwa kuimba tu, na hapa ndipo historia nyingi za jubilei zinapokosea: zinaorodhesha albamu na kusahau maisha. Kwaya ya mjini, hasa Dar es Salaam na Nairobi, ilikuwa nyumbani kwa mtu aliyetoka mkoani bila ndugu. Akifiwa, kwaya inakodi basi. Akioa, kwaya ni kamati ya harusi. Akiugua, kuna zamu ya kwenda hospitali. Mtu anayechelewa mazoezi hutozwa faini, na faini hizo zimewahi kulipia jeneza.

Kwa hiyo daftari la michango ni hati ya kihistoria kuliko hata kanda. Linaonyesha nani alisaidiwa na kwa nini, safari gani zilifanyika, sare ilishonwa kwa shilingi ngapi mwaka gani. Kikundi kinachokutana mara mbili au tatu kwa wiki miaka thelathini kimetumia muda mwingi zaidi kwenye vikao, safari na misiba kuliko jukwaani. Historia inayostahili jina hilo lazima iwe na uwiano huo.

Mbona usharika mmoja una kwaya kuu, ya vijana, ya akina mama, ya uinjilisti na matarumbeta?

Kwa kawaida kila moja ina kisa chake. Vijana walitaka magitaa, wazee wakakataa. Kundi lililokuwa likihubiri mitaani likaona linahitaji nyimbo za aina nyingine. Akina mama walikuwa na kikundi cha sala kilichoanza kuimba. Matarumbeta yalitoka moja kwa moja kwa Wajerumani na yamebaki nguzo ya ibada za Kilutheri, hasa Kilimanjaro. Kuna pia sababu isiyosemwa kwenye hotuba: watu wawili wanaojua kufundisha hawawezi kukaa muda mrefu chini ya fimbo moja. (Mgawanyiko wa uchungu una swali lake katika sehemu ya 4.)

## 4. Kuandika historia ya kwaya yenu

Tuhesabu kuanzia mwaka gani?

Kuna miaka minne inayogombaniwa: mwaka watu walipoanza kuimba pamoja, mwaka wa jina, mwaka wa uongozi wa kwanza au usajili, na mwaka wa albamu ya kwanza. Ushauri wangu ni kuuchukua ule wa kwanza ambao una ushahidi, na kuitaja mingine kwa sifa yake. "Tuliimba pamoja tangu 1974, tukachagua viongozi 1979, jina hili tulilipata 1986" ni sentensi nzuri kabisa. Msisogeze mwaka nyuma ili jubilei iangukie pazuri. Yupo bibi atakayesimama na kukanusha mbele ya askofu.

Hatuna kumbukumbu yoyote. Tuanzie wapi?

Mnazo, hazijakusanywa. Anzeni na mihutasari ya baraza la wazee wa kanisa au kamati ya parokia, kwa kuwa kwaya huonekana humo kila inapoomba fedha au kugombana. Vitabu vya ubatizo na ndoa vitathibitisha umri na majina ya waasisi. Kisha nyumbani kwa watu: madaftari ya solfa, ratiba za mashindano, vyeti, risiti za vitambaa. Picha zigeuzwe, maana nyuma huwa kuna muhuri wa studio na mara nyingine tarehe. Sare pia hutaja miaka. Akina mama wanakumbuka kitambaa kuliko kalenda.

Kwa kipindi cha misheni, hati ziko mbali lakini zipo. Za Leipzig zinahifadhiwa Halle, Ujerumani. Za Wamoravian ziko Herrnhut. Za shirika la Kianglikana la CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Nyaraka za kiserikali za Kenya ziko katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi. Na msisahau sauti: Hugh Tracey alirekodi muziki wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1950, na rekodi zake zinatunzwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mara nyingi barua moja ya heshima yenye jina la kijiji na miaka inayotafutwa inatosha kuanzisha mazungumzo.

Tuwahoji vipi wazee wasiokumbuka miaka?

Usiulize mwaka, uliza kilichokuwa kikitokea. "Wimbo huu mliimba kabla au baada ya Vita ya Kagera?" inakupa 1978 na 1979. "Mlikwenda Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja?" inakupa Septemba 1990 kwa Tanzania, ama 1980, 1985 au 1995 kwa Kenya, na hapo utauliza ni safari ipi. Kuzama kwa MV Bukoba ni Mei 1996. Kifo cha Mwalimu ni 1999.

Jambo la pili: waombe waimbe. Mzee aliyekwisha kusema hakumbuki chochote huanza sauti ya tatu, akaona pengo upande wa kushoto, akataja jina la aliyekuwa akisimama pale. Wahojini wawili wawili wa sauti moja, kwa sababu besi hukumbuka kwa pamoja. Rekodini kwa simu, lakini iwekeni kwenye hali ya ndege ili isikatizwe, na anzeni kila rekodi kwa kutaja jina, mahali na tarehe.

Wazee wawili hawakubaliani. Nani aandikwe?

Wote wawili, kila mmoja kwa jina lake na kauli yake. "Kwa mujibu wa mzee fulani, mwalimu wa kwanza alitoka Tanga, bibi fulani anasema alikuwa mtu wa hapa hapa." Msomaji hatakasirika. Atakayekasirika ni yule uliyemfuta.

Tuna kanda za zamani. Tuzifanyeje?

Kwanza msizipige kwenye redio kaseti ya zamani ambayo haijasafishwa. Ikimeza utepe, wimbo umekwenda. Vunjeni vile vijino viwili vya juu nyuma ya kanda ili mtu asije akarekodi juu yake. Tafuteni mashine nzuri, safisheni kichwa chake kwa pamba na spiriti, zungusheni kanda mbele na nyuma mara moja taratibu ili utepe ulegee, kisha ihamishieni kwenye kompyuta kwa faili la WAV. Faili la MP3 ni la kusambaza kwenye vikundi vya simu, si la kuhifadhi. Wekeni nakala tatu, angalau moja nje ya jengo la kanisa. Kanda yenyewe msiitupe hata baada ya hapo. Iwekeni mbali na jua, unyevu na spika. Yenye ukungu mweupe isiguse mashine kabla ya kuonwa na fundi anayejua.

Andikeni pia kilichomo: wimbo, mtunzi, mwaka, waliosimama mbele, mahali. Sauti isiyojulikana ni ya nani haitamsaidia mjukuu.

Mtunzi wa wimbo ni mwalimu, kwaya au kanisa?

Kisheria mtunzi ni aliyetunga, isipokuwa kuna makubaliano mengine. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya na sheria yake ya 2001, na zote mbili zinalinda kazi kwa maisha ya mtunzi pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwaya iliyoimba na kurekodi ina haki zake kama waimbaji, tofauti na za mtunzi. Aliyepanga sauti juu ya tuni ya asili aandikwe kama mpangaji, na tuni iandikwe kuwa ya asili ya Kihaya, Kichaga au Kiluo, kadiri inavyojulikana.

Kwa desturi mambo yalikuwa tofauti. Miaka ya nyuma mwalimu alitunga na jina la kwaya likaandikwa kwenye kanda, na hakuna aliyelalamika hadi fedha zilipoonekana. Katika historia yenu tajeni jina la mtunzi hata kama mkataba haukuwahi kuwepo. Ni haki yake, na ni rahisi kuliko kesi.

Kwaya iligawanyika kwa ugomvi wa fedha. Tuandike?

Andikeni kwamba iligawanyika, mwaka gani, na kwaya gani mbili zikatokea. Kuliruka jambo ambalo kila mtu aliyehudhuria analijua kunaondoa imani kwa kurasa zote nyingine. Tuhuma za wizi zisizothibitishwa zisiandikwe kwa jina la mtu. Semeni "kutoelewana kuhusu mapato ya kanda". Mwulizeni na upande wa pili, na ikiwezekana nao wasome rasimu. Nimeona kwaya mbili zilizokaa miaka mingi bila kualikana zikikutana tena kwa sababu mtu alikwenda kuuliza tarehe.

Na aliyehamia dhehebu jingine, au aliyefukuzwa?

Jina lake libaki kwa miaka aliyoimba. Aliyeimba aliimba.

Historia iwe ndefu kiasi gani, na isomwe jukwaani yote?

Isisomwe yote. Tayarisheni maandishi mawili: kurasa mbili za jukwaani na kijitabu kamili kinachobaki. Za jukwaani zikatwe kwa nyimbo, kila baada ya aya mbili kwaya isimame na kuimba wimbo wa kipindi kinachosimuliwa, ikiwezekana na waimbaji wa awali wakirudishwa safuni. Kijitabu kipelekeni nakala ofisi ya usharika au parokia, maktaba ya mkoa au kaunti, na kwa kila familia ya mwasisi. Orodha ya wanakwaya wote iwe mwishoni, kwa sauti zao: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Acheni kurasa chache tupu baada yake, maana siku hiyo hiyo ya uzinduzi watatokea watu watatu au wanne kusema mmewasahau, na watakuwa wanasema kweli.